Maji ya Kakao

Ukiuliza kijijini Ndandalo ni nani anayejua kuvundika kakao, utaonyeshwa nyumba ya Tusekile. Wengine huuza mbegu zikiwa bado na ute wake, kwa walanguzi wanaopita na pikipiki jioni. Yeye hawezi. Hupasua matunda, hukomba mbegu kwa mkono, huzilaza ndani ya sanduku la mbao, huzifunika kwa majani ya migomba na kuziacha zijipike zenyewe. Ukipenyeza kiganja chini ya yale majani utakitoa haraka, maana joto la mle ndani utadhani pamefukiwa makaa, na huku juu hakuna hata moshi.

Kabla ya kufika sandukuni, mbegu lazima zitoke shambani, na hapo ndipo kazi ya wanawake ilipo. Gunia bichi la kakao halitulii kichwani. Linachuruzika maji mepesi, matamu kidogo, machachu zaidi, yanayopenya kwenye nyuzi na kushuka mgongoni, yakalowesha kanga, yakaishia mapajani. Ukifika jioni ngozi yote inawasha. Wanawake wa Ndandalo husema tu, "Maji ya kakao yameniunguza," na ukishasema hivyo hakuna anayeuliza zaidi. Unaoga, unajipaka mawese kidogo, unasubiri siku chache. Tusekile amesema maneno hayo karibu kila msimu tangu ujana wake, alipoolewa mara ya kwanza upande wa Busale na kijana aliyeitwa Sylvester, utingo wa lori la mbao. Ndoa ile haikudumu. Lori lilipinduka kwenye mteremko, na Tusekile akarudi kwao akiwa mjane ambaye bado watu walimwita binti.

Hezroni alimwoa baada ya hapo. Si mtu wa maneno mengi. Ana tabia ya kusimama mlangoni kila mkewe anaporudi shambani, kana kwamba hana hakika kama atarudi, na akishamwona huingia ndani. Wamezaa watoto, wamezika mmoja, wamemsomesha Lusungu, binti yao mkubwa, hadi chuo cha ualimu. Watu wakisema fulani na fulani wanaishi vizuri, huwataja wao.

Mwaka jana, masika yalipokolea, Tusekile aliugua malaria, na malaria ile haikuja peke yake. Alitoka malengelenge sehemu za siri, mengi, yakapasuka yakawa vidonda. Kukojoa kulikuwa kama kumwagiwa maji ya moto. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Akapanda bodaboda peke yake mpaka Kyela mjini, kwenye maabara moja ndogo ya mtaani, akatolewa damu. Mpimaji alipomwita, hakufunga mlango.

"Mama, Ukimwi huna, kaswende huna," alisema, huku akigonga kipimo kwa kalamu. "Ila hii hapa ni herpesi. Malengelenge ya ukubwani. Na ni mapya."

"Mapya vipi, baba?"

"Ya karibuni. Wiki, mwezi. Kamuulize mzee wa nyumbani."

Aliporudi, njia nzima alikuwa anahesabu, na hesabu ilikuwa fupi. Mwezi uliotangulia Hezroni alikwenda Mbeya kwenye semina ya chama cha ushirika, akalala huko karibu wiki. Akamkuta amesimama mlangoni kama kawaida.

"Baba Lusungu, kule Mbeya mlifundishwa nini?"

"Si nilikwambia? Kukausha kakao, na bei ya mnada."

"Kukausha kakao." Akacheka kicheko kibaya. "Basi somo umelileta mpaka kitandani."

Alipomweleza, Hezroni alikaa chini. Akaapa. Akaapa tena kwa jina la mtoto waliyemzika, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kesho yake asubuhi alivaa shati la kanisani, akaenda maabara ile ile ili arudi na ushahidi wa usafi wake. Alirudi amefifia. Naye alikuwa nayo.

"Lakini mimi sijawahi kutoka hata kipele cha joto huko," alisema. "Hata kimoja, mama Lusungu. Tangu nizaliwe. Nitakuwaje na ugonjwa usioniuma?"

"Mwenye kuleta haumwi," Tusekile akajibu. "Anayeletewa ndiye anaumwa."

Akafunga nguo zake kwenye mfuko, akaenda Katumba Songwe kwa kaka yake Tuntufye.

Kwao, mwanamke aliyeolewa akirudi kwa ndugu zake kwa kinyongo hafuatwi ovyo na mumewe. Mume hutafuta mzee wa ukoo wake amsemee, huja na mnyama mkononi, hukaa uani mbele ya ndugu wa mke na kutamka kosa lake. Mwanamke hukaa jikoni na wanawake wenzake, anasikiliza. Akiridhika, anarudi. Asiporidhika, mnyama anarudi. Na kosa likishatamkwa pale uani halifutiki. Watoto watalisikia, wajukuu watalisikia, na mume atabaki kuwa yule aliyewahi kwenda kuomba radhi kwa jambo fulani. Tusekile alilijua hilo vizuri, na wiki za kwanza alilingoja kwa hamu.

Katumba Songwe ni nchi ya mpunga. Mto unapopanda unaacha tope jeusi, na upande wa pili unaona Malawi, watu wakifua nguo kama wanavyofua huku. Tusekile aliingia mashambani kila siku na mke wa kaka yake, Mama Dickson, akakata mpunga bila kuinua kichwa.

"Wifi, punguza," Mama Dickson alimwambia. "Utanimalizia shamba kwa hasira, na mimi nitakula nini mwakani?"

Lakini kulikuwa na jambo lililomkera Mama Dickson kuliko hasira. Tusekile alitenga kikombe chake. Akatenga sahani, akatenga hata beseni, na vyombo vyake akavisuuza kwa maji ya moto mbali na vya wenzake, kama mtu anayeficha kitu.

"Umekuwa mgeni wa serikali?" Mama Dickson akamuuliza mchana mmoja, mikono kiunoni. "Kikombe chako peke yako, sahani yako peke yako. Au tunanuka?"

"Ninawalinda, wifi."

"Mnatulinda na nini?" Akikasirika, Mama Dickson humwambia mtu mmoja "mna", kwa heshima ya kejeli. "Hebu kesho twende kwa Glory. Kama ni sumu, tuambiwe wote."

Glory alikuwa tabibu wa zahanati, msichana wa Rombo aliyepangiwa kazi huku. Siku za mwanzo watu walimcheka kwa jinsi alivyosema "mugonile" akiwasalimu wazee, sauti ikipanda mahali inapopaswa kushuka, lakini sasa walikuwa wamemzoea. Alimwambia Mama Dickson asubiri nje, akafunga mlango. Kitendo kile kidogo, cha kufunga mlango, Tusekile anakikumbuka mpaka leo, na hushukuru kila akikikumbuka.

Tusekile alimweleza ya maabara na ya mumewe, kisha Glory akamwangalia. Vidonda vilikuwa vimepona zamani.

"Kikombe hakiambukizi, mama," alisema kwanza. "Wala sahani, wala beseni. Kula na wenzako. Haya, niambie. Kabla ya safari hii, hujawahi kuungua-ungua huko chini?"

"Hapana. Mimi ni mtu wa mume mmoja."

"Sikuulizi waume. Nakuuliza kuungua."

"Hapana. Labda maji ya kakao tu."

Glory akaweka kalamu chini. Kwao walilima kahawa na ndizi. "Maji ya kakao ndiyo nini?"

Tusekile akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akamweleza: gunia bichi, mgongo, kanga, mapaja, mawese. Glory alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za ugenini.

"Na wenzako wanawashwa wapi?"

"Popote. Shingoni, mgongoni, miguuni."

"Na wewe?"

"Mimi pia. Halafu…" akasita. "Halafu na pale."

"Pale wapi?"

"Pale pale, daktari. Kijisehemu. Vinatoka vitu vidogo kama punje za ulezi, vinachoma siku mbili tatu, vinapotea."

"Kila msimu?"

"Karibu kila msimu. Nikichoka sana."

"Sehemu hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo. Upande wa kushoto."

"Haviendi kulia?"

"Havijawahi."

Glory akamtazama kwa upole. "Mama, gunia linachuruzika kushoto tu?"

 Nje Tusekile alisikia Mama Dickson akibishana na mtu kuhusu foleni. Aliona magunia yote aliyowahi kubeba yakipita mbele yake moja baada ya jingine, yakivuja nyuma, yakivuja kulia, yakivuja kila mahali. Kisha akaona chumba cha Busale, na ndoo ya maji, na yeye mwenyewe, mke mpya wa Sylvester, amechuchumaa akiuma kanga ili asilie, na mama mkwe wa kule akimwambia kutoka nje ya mlango: pole binti, ni maji ya kakao, utazoea.

"Ilianza Busale," akasema. "Kwa Sylvester, marehemu mume wangu wa kwanza. Kabla sijamjua Baba Lusungu."

Glory hakulirukia neno hilo. Alivuta kiti karibu.

"Sikiliza, mama. Usiondoke hapa na hukumu nyingine mpya. Kile kipimo kilichokwambia 'mapya' sisi hatukitegemei. Ugonjwa wa zamani ukiamka, nacho kinaweza kuonyesha mapya. Wakati mwingine kinaonyesha hata kwa asiye nao. Kipimo kingine cha damu kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza. Hicho ni bora, lakini ukipima mapema kabla askari hawajatosha, kinakwambia huna. Na kikionyesha alama hafifu sana, lazima kirudiwe. Cha mumeo nacho ningekirudia. Cha uhakika zaidi ni kuchukua majimaji ya kidonda kibichi, na vyako vimepona. Yote hayo, hata yakienda sawa, yanasema unayo au huna. Lini uliipata, na kwa nani, hayasemi. Hakuna maabara hapa wala Dar itakayokwambia."

"Na yeye hajawahi kutoka hata kipele."

"Wengi wao ndivyo walivyo. Wanaishi nayo mpaka wanazeeka, hawajui. Ngozi unaiona safi kabisa, na bado siku nyingine ugonjwa unatoka na kumpata mwenzio. Yeye anaweza kuwa aliipata kwako. Anaweza kuwa alikuja nayo tangu ujana wake. Sylvester naye huenda hakujua. Hakuna aliyedanganya, mama. Si lazima awepo mwongo."

Kisha akamweleza ya kufanya: akisikia kuchoma wasikutane na mumewe, kondomu hupunguza hatari ingawa haimalizi, viko vidonge vinavyofupisha maumivu, na vikinywewa kila siku hupunguza kuambukiza, dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Tusekile alisema "ndaga," kisha akarudia tena kwa Kiswahili, asante, asante sana, mpaka Glory akamshika bega.

Walirudi kwa miguu. Mama Dickson alivumilia mpaka kwenye michikichi ya kwanza.

"Haya. Ni sumu?"

"Kikombe hakina neno."

"Nilijua. Jioni unakunywea changu."

Nyumbani walimkuta Tuntufye ameshika simu, uso umechangamka. Hezroni amepiga. Jumamosi anakuja, na mzee Ezekiel wa ukoo wake ndiye atakayemsemea, na mbuzi yupo.

"Amekubali kosa," Tuntufye alisema. "Nilimwuliza, unakubali? Akasema, shemeji, nitakubali chochote mtakachotaka nikubali, mradi arudi."

Mama Dickson akapiga kigelegele kifupi. Tusekile akaingia ndani, akakaa kitandani.

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Hakuna kipimo duniani kilichoweza kumfunua. Tabibu mwenyewe amesema. Jumamosi angekaa jikoni, mumewe angeomba radhi, yeye angeridhika, wangerudi Ndandalo. Heshima yake ingebaki nzima. Ya Hezroni ingebaki pale uani. Na akisema, je? Mwanamume aliyejidhalilisha hivyo, akaambiwa kwamba huenda ni mkewe aliyempa, kutoka kwa marehemu asiyemjua, angeweza kumkokota mbuzi wake na kurudi peke yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Siku zote hizo zilizobaki alikata mpunga polepole, mpaka Mama Dickson akamuuliza kama sasa anataka mpunga uozee shambani.

Jumamosi walifika kabla jua halijawa kali. Jikoni, kupitia mwanya wa mlango, Tusekile alimwona mumewe. Amekonda. Amevaa lile shati la kanisani. Mbuzi alifungwa kwenye mgomba, akaanza mara moja kutafuna majani. Mzee Ezekiel, mtu mrefu mwenye suruali fupi, alikaa kwenye kiti, akakohoa, akapiga makofi mawili ya heshima.

"Shemeji zetu, mugonile. Hatukuja kwa raha. Tumekuja kwa sababu mtoto wetu huyu, Hezroni, amekosa…"

"Baba Lusungu, subiri."

Wanaume waligeuka. Mwanamke hatoki jikoni kabla ya kuitwa. Hata mbuzi aliacha kutafuna, au ndivyo Mama Dickson anavyosimulia. Tusekile alisimama uani, unga mikononi.

"Dada, rudi ndani," Tuntufye alisema.

"Narudi, kaka. Naomba kwanza niseme naye. Usiombe radhi, Baba Lusungu. Bado."

Wakaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Alimweleza yote, bila kupamba: kushoto, punje za ulezi, Busale, Sylvester. Alimweleza na yale ya tabibu, kwamba hakuna ajuaye kwa hakika, lakini hakujificha nyuma yake. "Mimi naona ni mimi," akasema. "Nimekutukana kwa kitu nilichokuja nacho mwenyewe."

Hezroni alichuna ganda kavu la mgomba, akalikunja, akalikunjua.  Tusekile alikuwa tayari kwa swali la Sylvester, kwa swali la kwa nini hukuniambia, kwa ukimya hata.

"Kwa hiyo kila msimu," alisema mwishowe, "ulikuwa unaumwa hivyo, na gunia liko kichwani?"

"Nilidhani wote wanaumwa."

"Na mimi ndiye ninayekujazia hilo gunia. Nalishindilia kwa mguu ili mbegu ziingie nyingi." Akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mungu wangu, Tusekile."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Lusungu azaliwe.

"Ungenyamaza," akaendelea. "Ningesema nimekosa, na ungenyamaza, nisingejua mpaka kufa."

"Nisingeweza kukutazama unaposimama pale mlangoni."

Akakohoa, akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Kwa hiyo mimi sijakosa?"

"Hujakosa."

"Basi nikwambie ukweli wa Mbeya. Walitupa soda na biskuti. Chumba kimoja na mzee Ezekiel. Ningemtaja, ungesema mtu wa ukoo wangu ananifichia. Anakoroma yule! Sikulala usiku hata mmoja."

Walirudi uani wakiwa wameshikana mikono, kitu ambacho watu wa umri wao hawakifanyi mbele ya mashemeji. Hezroni akasema kwamba kosa halikuwepo. Kwamba walipotoshwa na vipimo. Kwamba yaliyobaki ni ya nyumbani mwao.

"Nani sasa mwenye kosa?" Tuntufye akauliza.

"Hakuna, shemeji. Tulikuwa tunamtafuta tu."

Mzee Ezekiel alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mimi nimekariri maneno ya kuomba radhi tangu juzi. Nimeyasema njiani mpaka dereva wa bajaji akanisamehe. Sasa nayapeleka wapi?"

"Na mbuzi?" Mama Dickson akadakia kutoka mlangoni. "Kama hakuna kosa, mbuzi wa nini?"

"Mbuzi harudi," Tuntufye alisema upesi. "Ameshakula mgomba wangu."

Wote wakamtazama mnyama. Ndipo mzee Ezekiel akavuta suruali yake, akasimama tena, akapiga makofi mawili kama mwanzo.

"Shemeji zetu, mugonile tena. Tumekuja kwa raha. Tumekuja na mbuzi wa kushukuru, kwa binti yenu huyu." Akasita, akitafuta maneno ambayo hakuwa ameyakariri. "Kwa kuwa anavundika kakao vizuri. Kwa kuwa wazazi wa Hezroni aliwauguza yeye, mpaka wakafa mikononi mwake. Kwa kuwa ana mdomo mkali, na leo ameutumia vizuri. Na kwa mambo mengine ambayo mimi sikuelezwa, ila nimeona mwanaume anatoka migombani analia na kucheka kwa pamoja, nikasema, hilo nalo tulishukuru."

Tusekile alipaswa kuwa jikoni. Alibaki amesimama pale pale jua likimpiga usoni, akasikiliza mpaka mwisho.